Kengele ya Malvina

Inspekta Verlyn Bedeau alifika Malvina, shamba la kale la miwa lililogeuzwa hoteli, saa mbili asubuhi akiwa na hasira mbili. Ya kwanza ni ya kuamshwa na simu ya mkubwa wake. Ya pili ni ya geti.

Geti lilikuwa la chuma, limepakwa rangi nyeusi, limesimamishwa katikati ya njia ya miguu ambayo watu wa kaskazini ya kisiwa cha Carriacou wameiteremka kwenda ghubani tangu enzi za mababu zao watumwa. Verlyn mwenyewe aliipita kabla hajang'oa jino la kwanza. Sasa pana kibao: WAGENI WA HOTELI TU. Na nyuma ya kibao kasimama mlinzi, Fitzmore, aliyesoma naye darasa moja, anatazama viatu vyake.

"Fitzmore, salamu nazo mmezifungia?"

"Asubuhi njema, Verlyn. Usinianze. Nina watoto watatu na paa la turubai."

Tangu kimbunga kilipoondoka na mapaa, nusu ya kisiwa walikuwa wanalala chini ya maturubai, na hoteli ndiyo pekee iliyokuwa ikiajiri. Fitzmore alifungua, Verlyn akapita.

Kinu cha kale cha miwa kilikuwa mwendo wa dakika tano kutoka getini. Ni mnara wa mawe uliokatika kichwa, mtini umeota ukutani, na nyuma yake yapo makaburi ya watu waliosaga miwa mle ndani na ya wajukuu wao, mawe matupu yasiyo na majina. Wageni huja kukitazama, kisha huteremka ghubani kuona kasa. Mlangoni, kwenye boriti, siku zote ilining'inia kengele ya shaba iliyokuwa ikiwatoa watumwa usingizini waende shambani. Leo boriti ilikuwa tupu.

"Kesi imekwisha, afande," alisema Koplo Hankey. Alikuwa mtu mnene wa kisiwa kikubwa cha jirani, kwenye makao makuu, aliyehamishiwa huku miezi minne iliyopita na bado anakililia chakula cha kwao. "Mwizi kaacha sahani."

Juu ya jiwe bapa ndani ya kinu palikuwa na sahani ya bati yenye ukingo wa buluu. Ndani yake mlikuwa na mabonge mawili ya ugali, wali, paja la kuku, na kipande cha samaki mkavu kilichokaangwa na vitunguu. Pembeni, glasi ya ramu na glasi ya maji.

"Hii inaitwa sahani ya wazee," Koplo aliendelea, akijisikia kama mwenyeji. "Watu wa huku wakitaka kufanya jambo, huwawekea chakula wafu wao. Yule mama mwongoza wageni kawalisha, kawaomba ruhusa, kabeba kengele."

"Nani kakufundisha?"

"Mimi," ilisema sauti mlangoni.

Bwana Corwyn Lendore, meneja wa hoteli, aliingia na suruali yake nyeupe akiruka matope. Wazazi wake walikuwa wa hapa hapa Carriacou, ila yeye alizaliwa na kukulia Huddersfield, Uingereza, akaja baada ya kimbunga na fedha za watu wengine. Kila sentensi yake ya tatu ilikuwa "mimi mtoto wa hapa".

"Inspekta, sipendi kumtaja mtu," alisema, kisha akamtaja. "Ezlin Cudjoe. Kwenye mkutano wa kijiji alisema mbele ya watu sitini kwamba ipo siku wataiondoa kengele hii. Sahani ni yake, uliza yeyote. Mwizi kama huyo ndiye wa kumwongoza hakimu kesho?"

Kumbe! Hapo ndipo penye mzizi wa fitina. Kesho saa tatu asubuhi hakimu angekuja kuipita njia kwa miguu yake, aone kama ni ya umma au ya hoteli. Ezlin Cudjoe alikuwa akiwaongoza wageni Malvina kwa miaka thelathini, na kabla yake mama yake, na ndiye shahidi pekee aliyebaki anayelijua kila jiwe na kila kaburi. Akiwa rumande, hakimu ataongozwa na Lendore. Na Lendore akimwongoza hakimu, geti limekaa milele.

Simu ya Verlyn ililia. Alikuwa Mrakibu Noel, yule yule wa alfajiri.

"Boti ya kuja huku kisiwa kikubwa inaondoka saa tisa na nusu. Nataka huyo mama awe ndani yake."

"Bado sijamhoji, bwana."

"Utamhoji botini. Sitaki kelele hakimu akiwa njiani."

Verlyn aliiweka simu mfukoni, akapiga magoti kwenye matope. Alianza na boriti. Kulabu ilikuwa imepakwa grisi mbichi, na kamba ilikuwa imekwangua mti mara moja tu, kwa mstari mmoja ulionyooka. Chini yake palikuwa na alama za magurudumu membamba.

"Kengele ina uzito gani, Bwana Lendore?"

"Sijui. Kilo mia? Mia na ishirini?"

"Na Ezlin ana miaka sitini na mbili."

"Ana ndugu wengi."

"Na magurudumu haya?"

"Vigari vyetu vya umeme. Vinaleta wageni hapa kila siku."

Lilikuwa jibu zuri. Verlyn aliliandika. Kisha akaisogelea sahani, akaitazama kwa muda mrefu mpaka Koplo akaanza kukohoa. Akagusa wali kwa ncha ya kalamu. Ulikuwa mkavu, chembe moja moja.

"Mvua imekatika saa ngapi, Koplo?"

"Saa kumi na moja alfajiri, afande. Nilikuwa macho. Turubai langu linavuja."

"Kinu hiki kina paa?"

Koplo alitazama juu. Mawingu yalikuwa yanapita pale palipokuwa na kichwa cha mnara. Alishusha macho polepole, akaitazama sahani, na glasi ya ramu iliyokuwa haijaingiwa hata na tone la mvua.

"Basi imewekwa baada ya saa kumi na moja," alisema.

"Na Fitzmore yuko getini tangu usiku, na hajaona mtu."

"Ezlin anajua vichochoro vya mbuzi," Lendore aliingilia haraka.

"Anavijua. Piga picha sahani kwa karibu, Koplo. Samaki huyo mpige mara mbili. Na wewe, Bwana Lendore, saini hapa kwamba umeripoti wizi na umeturuhusu kukagua eneo lote la hoteli."

"Kagueni popote," alisema Lendore, akasaini kwa madaha.

Njiani Koplo alitoa kete yake ya mwisho. Boti ya nahodha Zefrin McLaren, ya wale waunda boti wa kijiji cha Windward, ilikuwa imeondoka saa kumi na mbili na kitu kizito kilichofunikwa gunia. Verlyn alimpigia nahodha papo hapo.

"Zefrin, umebeba nini?"

"Jiko la gesi la shemeji yako, ambalo uliahidi kulileta wewe mwenyewe tangu Pasaka!" nahodha alifoka mpaka Koplo akasikia. "Unataka kulikamata? Likamate, mgongo wangu upone!"

Verlyn alikata simu. Koplo aliifuta boti kwenye daftari lake bila kuambiwa.

*

Ezlin Cudjoe aliwapokea akiwa jikoni, mkono mmoja umeshika mwiko, mwingine kiunoni. Maandazi yalikuwa yanaiva kwenye mafuta. Pingu za Koplo aliziona kabla hajamwona Koplo.

"Hizo bangili ni zangu? Ni ndogo. Nina mifupa mikubwa mimi."

"Tanti, kaa kwanza," alisema Verlyn, akimwita shangazi kwa lugha ya kisiwa.

"Sikai. Waliokaa ndio waliofungiwa njia."

Verlyn alimwonyesha picha, akiwa amefunika chakula kwa kidole, ukingo wa sahani tu unaonekana. "Sahani hii yako?"

"Yangu. Zilikuwa sita, sasa zipo tano. Wiki mbili zilizopita tulimsimamishia marehemu kaka yangu jiwe la kaburi, tukafanya saraka, karamu ya marehemu, kisiwa kizima kikala. Waliochelewa walifungiwa chakula wakaondoka nacho."

"Nani hakurudisha sahani?"

"Huyo Corwyn wenu wa hotelini. Alikula uani, akasifu kila kitu, akafungiwa na cha kwenda nacho. Nikasema haya, mtoto wa kwetu huyu, atairudisha. Ng'o!"

Koplo alikaza sauti. "Mama, ulitamka mkutanoni kwamba mtaiondoa kengele?"

"Nilitamka. Na leo natamka tena, andika. Nikiipata nitaitupa baharini. Unadhani nitaileta humu? Bibi wa bibi yangu alikuwa anapigwa akichelewa kengele ile. Wewe umeona wapi mtu akatundika sebuleni mjeledi uliompiga bibi yake?"

Koplo hakuwa ameona. Alipewa andazi, akalipokea.

"Tanti," alisema Verlyn, "mweleze Koplo jambo moja, na yeye aliandike neno kwa neno. Sahani ya wazee inapikwaje?"

Ezlin alimtazama kama mtu aliyeulizwa mvua inatoka wapi. "Si unajua?"

"Najua. Nataka liwe kwenye daftari."

"Inapikwa kwanza, kabla ya chakula cha watu. Sufuria yake peke yake. Haionjwi. Na haitiwi chembe ya chumvi."

"Kwa nini?" aliuliza Koplo, andazi mdomoni.

"Wafu hawali chumvi. Wale waliokuja na meli za minyororo, waliokataa chumvi ya bwana waliruka angani wakarudi Gini, Afrika kwao. Waliokula, miili iliwalemea wakabaki. Ndio sisi. Sasa mzee wako amekwisha kufa, yuko safarini kurudi kwao, wewe umtie chumvi umwangushe? Mwana gani huyo!"

Hapo ndipo Verlyn alipoondoa kidole kwenye picha.

Ezlin aliisogeza mbali, akaisogeza karibu. Mwiko ulianguka. "Samaki wa chumvi," alisema kwa sauti ndogo, na machozi yakamjaa, ya hasira, si ya huzuni. "Wamewekewa samaki wa chumvi. Nani kafanya ushenzi huu?"

Koplo aliacha kutafuna. Hakuwa mjinga, alikuwa mvivu tu, na uvivu ulimtoka mbele ya macho yao.

"Mtu aliyekula uani," alisema taratibu, "akaona wali, kuku, samaki. Akasikia habari za sahani ya wazee. Akadhani ni chakula kile kile."

"Kwa sababu hajawahi kuingia jikoni," alimalizia Verlyn. "Hakuna mtu wa kisiwa hiki, awe mlevi, awe mwizi, awe hata hamwamini mfu yeyote, ambaye angefanya kosa hilo. Kinu kile kiliwekewa sahani na mgeni."

"Lakini chumvi si ushahidi, afande. Mahakamani watatucheka."

"Najua. Chumvi imenionyesha mtu. Sasa nataka kengele. Tanti, wewe usitoke humu ndani."

"Nitaona," alisema Tanti Ezlin, maana yake hapana.

*

Walirudi kwa barabara ya juu, ya magari, inayoishia hotelini. Kwenye kona ya mwisho ilibidi wapishe lori la maji lililokuwa linapanda kwa kuguna. Verlyn aliendesha hatua chache, kisha akakanyaga breki.

"Koplo. Mvua imenyesha usiku wa ngapi huu?"

"Wa tatu mfululizo."

"Na lori hilo linapeleka wapi maji?"

Carriacou haina mto hata mmoja. Kila paa lina mfereji wake, kila mfereji una tangi la zege chini yake, na mtu akisikia mvua huamka kuangalia kama maji yanaingia. Kununua maji wiki ya mvua ni kichaa. Hoteli ya Malvina ilikuwa na tangi la kale, la wakati wa shamba, kubwa kuliko nyumba ya Fitzmore.

Walimkuta Lendore kwenye baraza akinywa chai.

"Tangi lako lina shida gani?" Verlyn alianza bila kukaa.

"Lina ufa. Kimbunga."

"Kimbunga kilipita mwaka jana. Mwezi uliopita uliwaogesha wageni kwa maji gani?"

"Ufa umeongezeka."

"Lini?"

"Juzi. Jana. Sina tarehe kichwani, Inspekta, nina hoteli ya kuendesha."

"Fundi gani alikuja kuuona?"

Lendore alikunywa chai. Kikombe kilikuwa kitupu, lakini alikunywa.

Tangi lilikuwa nyuma ya jiko. Mfereji wa paa ulikuwa umechomolewa na kuelekezwa vichakani, na alama ya msumeno kwenye bomba ilikuwa nyeupe, mpya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Koplo Hankey, pamoja na tumbo lake lote, alilala kifudifudi kwenye zege, akaingiza kichwa na tochi kwenye mdomo wa tangi.

"Hakuna maji, afande. Wala ufa hakuna." Sauti yake ilikuwa inavuma mle ndani. "Kuna turubai. Limefunika kitu." Akarusha kokoto. Shaba iliitika, ikaitika kwa muda mrefu, mpaka wapishi wakatoka jikoni na visu vyao mikononi.

Mpishi mmoja mwanamke alivua kofia yake ya kazi.

Lendore alimvuta Verlyn pembeni. Alikuwa ametota jasho.

"Inspekta, sisi sote watoto wa hapa. Nani ameumia? Hakuna. Mpe Ezlin hiyo kengele, aitupe baharini, ale nayo, hiari yake. Yeye aachane na mambo ya kesho, basi. Kisiwa hiki kinahitaji ajira."

"Kisiwa hiki kilihitaji ajira, ukakiletea geti."

"Wewe unajua watu wangapi wanakula kwa sababu yangu?"

"Najua hata majina yao. Geuka, nikufunge."

"Huwezi!"

"Thubutu kuondoka uone. Corwyn Lendore, nakukamata kwa kuficha mali ya kale ya umma na kutoa taarifa ya uongo kwa polisi. Njia ya mwongo fupi, bwana. Yako imeishia jikoni kwako."

Pingu zilizokuwa ndogo kwa Ezlin zilimtosha Lendore vizuri. Simu ikalia.

"Bedeau," alisema Mrakibu, "mama yuko tayari kwa boti?"

"Kengele imepatikana, bwana. Ndani ya tangi la mlalamikaji."

"Basi kumetokea kutoelewana. Mlete mama huku hata hivyo, atoe maelezo, tuyamalize kwa utulivu."

"Akija huko leo, kesho saa tatu hatakuwepo njiani."

"Hilo si lako."

"Ni langu. Ninayo kazi ya kumpeleka mwenye hatia, na nimekwisha kumpata. Ezlin Cudjoe hana kesi. Naandika hivyo sasa hivi, na Koplo ni shahidi wangu."

"Hutaandika kitu."

"Nimekwisha kuandika, bwana, tukiongea."

"Bedeau, unajua nitakuandikia barua?"

"Iandike. Nitakuwepo kituoni Jumatatu kuipokea." Akakata. Akampa Koplo daftari asaini. Koplo alisaini.

Kengele waliiacha chini ya ulinzi wa wapishi mpaka gari kubwa lije. Lendore waliteremka naye kwa njia ya miguu, kupita kinuni, ili Koplo aichukue sahani kama kielelezo. Walipofika getini walikuta watu.

Walikuwa kama hamsini, wamesimama upande wa kijiji, wengine na miavuli, wengine na mapanga waliyokuwa nayo shambani. Mbele yao alisimama Ezlin Cudjoe, kavaa gauni lake la kuongozea wageni na kofia ya ukindu.

"Nilikwambia usitoke," alisema Verlyn.

"Nikakwambia nitaona. Nimeona."

"Fitzmore, fungua."

"Ufunguo kaniondolea asubuhi, mlipokwisha kutoka," alisema Fitzmore, akimwonyesha Lendore kwa kidevu.

Lendore aliinua kichwa. Pingu mikononi, bado alikuwa na kiburi cha kuazima. "Upo ofisini, na utabaki ofisini. Hii ni mali binafsi mpaka mahakama iseme vingine. Atakayelivunja geti nitamshtaki."

Fitzmore alifikiri. Alifikiri kwa muda ambao mtu mwenye watoto watatu na paa la turubai anastahili kufikiri. Kisha akavua kofia ya hoteli, akaitundika kwenye kibao.

"Halina haja ya kuvunjwa," alisema. "Mimi na kaka yangu ndio tuliolitundika. Bawaba hatukuzifunga kwa juu. Linanyanyuka tu."

Wanaume wanne walikuja bila kuitwa. Moja, mbili, tatu, geti likatoka kwenye nguzo zake na kufuli lake likiwa limefungwa vile vile, likalazwa kwenye miiba.

"Uharibifu wa mali!" Lendore alipiga kelele. "Inspekta, umeona kwa macho yako!"

Verlyn alitoa daftari. "Nimeona geti limelala. Halina hata mchubuko. Malalamiko yako nitayapokea kituoni, yakipanga foleni nyuma ya yale ya kwanza."

Watu walicheka. Ezlin hakucheka. Alipita katikati ya nguzo mbili, akaja mpaka mbele ya Lendore, na alikuwa mfupi kuliko yeye kwa kichwa kizima.

"Corwyn. Bibi yake baba yako amelala nyuma ya kinu, mstari wa pili, jiwe lenye kona iliyovunjika. Nilimfahamu. Alikuwa ananipa mapera. Umetaka kunisingizia mimi, sawa, mimi ni hai, nitajitetea. Yeye umemlisha chumvi."

Lendore alitazama nyuma, kule makaburini, na ilikuwa wazi kwamba hajui ni jiwe gani.

"Mpelekeni," alisema Ezlin. Kisha akamgeukia Verlyn. "Hakimu anafika saa ngapi?"

"Saa tatu kamili, Tanti."

"Mwambie avae viatu vya kutembea. Simpitishi njia ya mkato."